Panga la Mishahara: Nani Alipunguzwa, Nani Alilipa

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga mpango wa kujiunga kwa lazima na Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango huo uliwataka wahitimu walitumikie taifa kwa kipindi maalumu, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao kwa mamia. Hakuishia kwa wanafunzi. Papo hapo alitangaza kwamba mshahara wake mwenyewe unapungua kwa asilimia 20, na mawaziri pamoja na watumishi wa ngazi za juu nao wakakatwa mishahara yao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu historia ya kupunguza gharama za mishahara ya serikali nchini Tanzania mara nyingi husimuliwa kuanzia Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, kana kwamba kabla ya wakubwa hao hakuna Mtanzania aliyewahi kuuliza nchi maskini inaweza kuwalipa watumishi wangapi, na kiasi gani. Swali hilo ni letu tangu siku ya uhuru. Kilichobadilika miaka hadi miaka ni mahali panga lilipoangukia.

Tanganyika ilirithi daftari la mishahara lililopangwa kwa rangi ya ngozi. Mwezi Desemba 1961 nafasi za ngazi ya juu na ya kati serikalini zilikuwa 4,452, na katika hizo ni 1,170 tu zilizoshikwa na wananchi. Tume iliyoongozwa na A. L. Adu, Mghana aliyebobea katika utumishi wa umma, ilipewa kazi ya kuipitia mishahara. Haikuwa kazi nyepesi. Ukimlipa Mwafrika aliyepanda cheo sawa na Mwingereza aliyemwachia kiti, unaondoa ubaguzi, lakini unaibebesha nchi ya wakulima mishahara iliyotungwa kwa kipimo cha London. Ukimlipa pungufu, atauliza uhuru una maana gani. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, madai yao yalikuwa mawili: maofisa wa Kiingereza waondoke, na mishahara ipande.

Serikali ya TANU iliamua kulipunguza pengo kutokea juu. Kwa hesabu alizotoa Nyerere mwenyewe alipotathmini miaka kumi ya Azimio, mwaka 1961 mtumishi wa juu kabisa, baada ya kodi, alipata mara 50 ya aliyelipwa kima cha chini. Mwaka 1967 uwiano ulikuwa mara 20 hivi, na kufikia 1976 ulishuka hadi mara tisa. Ni nchi chache sana zilizofanya hivyo kwa hiari katika muda mfupi namna ile, na naamini ni jambo la kujivunia hata leo, pamoja na yote yaliyofuata.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Azimio liliikabidhi serikali kazi nyingi: mabenki, viwanda, maduka ya jumla, mashamba ya mkonge. Kila kazi ilihitaji meneja, karani, mhasibu, dereva na mlinzi. Kisha mwaka 1972 ikaja sera ya Madaraka Mikoani, iliyoandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Halmashauri za wilaya na miji zilivunjwa, na wataalamu wakapelekwa mikoani na wilayani wakiwa watumishi wa serikali kuu. Nia ilikuwa kuusogeza uamuzi karibu na mwananchi. Kwa upande wa ikama matokeo yalikuwa nafasi mpya katika kila mkoa na kila wilaya, juu ya wizara zilizobaki Dar es Salaam na idara zake zote. Ukiongeza elimu ya msingi kwa wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa mwaka 1977, utaona kwa nini idadi ya watumishi wa serikali iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya katikati ya miaka ya 1960 na mwaka 1980.

Fedha hazikuongezeka hivyo. Ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha serikali kununua chakula nje kwa fedha za kigeni, wakati uleule bei ya mafuta ilipopaa. Mwaka 1976 maelfu ya watumishi waliachishwa kazi. Kahawa ikapanda bei kwa muda mfupi, serikali ikapumua na kuajiri tena. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilimeza akiba iliyobaki. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alitaka makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu Nyerere hakuyakubali masharti, na Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979.

Hapo ndipo lilipoanza punguzo ambalo halikutangazwa na mtu yeyote. Katika miaka ya 1980 serikali haikuhitaji kumfukuza mtumishi ili ipunguze gharama zake. Bei zilipanda, mshahara ukabaki palepale au ukaongezwa kidogo, na kufikia katikati ya muongo huo thamani yake ilikuwa imebaki sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mshahara wa mwezi wa karani haukutosha chakula cha familia yake kwa mwezi. Kwa hiyo mtumishi alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya serikali, mkewe akauza maandazi, barafu na vitumbua, na mwenye nafasi zaidi akafuga ng'ombe wa maziwa Mikocheni au Mbezi. Kazi hizo watu waliziita miradi. Mtumishi alisaini daftari la mahudhurio asubuhi, akaacha koti kwenye kiti, akaenda kwenye mradi. Mwananchi aliyefuata hati, leseni au dawa alilikuta koti.

Sisemi hayo kuwalaumu. Mwalimu anayeishi kwa mshahara wa wiki moja katika mwezi wa wiki nne hana njia nyingine ya halali. Lakini wengine hawakuishia kwenye kuku. Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa mwezi Januari 1996 kuchunguza rushwa, ilieleza namna wananchi wa kawaida walivyolipishwa kwa huduma ambazo zilikuwa haki yao, na mishahara isiyokidhi maisha ilikuwa miongoni mwa sababu za wale wadogo waliopokea kwa ajili ya kuishi. Serikali iliokoa fedha kwa kulipa kidogo, kisha tofauti ikalipwa na mama mjamzito pale dirishani, bila stakabadhi.

Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi mijini walikamatwa na kurudishwa vijijini. Mwaka 1985 watumishi wengine kwa maelfu walipunguzwa. Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwishoni mwa mwaka huo, hazina ilikuwa haina kitu, na mwezi Agosti 1986 makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifikiwa. Kwanza masharti yalihusu thamani ya shilingi, bei za mazao na biashara. Zamu ya watumishi ilikuja baadaye kidogo.

Mpango wa Mageuzi ya Utumishi Serikalini ulizinduliwa mwaka 1991. Hoja yake, ukiisoma bila hasira, ilikuwa na ukweli mwingi. Serikali ilikuwa na watu wengi waliolipwa kidogo na wasiokuwa na vitendea kazi. Bwana shamba alikuwepo, lakini pikipiki yake haikuwa na mafuta. Mwalimu alikuwepo, chaki haikuwepo. Kwa hiyo, walisema waandaaji, wapungue, na kinachookolewa kiwalipe vizuri watakaobaki na kuwanunulia vifaa. Mwaka 1992 watumishi walikuwa takriban 355,000. Mwishoni mwa muongo huo walikuwa chini ya 270,000.

Punguzo hilo lilipita njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kufuta majina yasiyo na watu. Zama zile mishahara mingi ililipwa taslimu. Mlipaji alifika na orodha iliyotoka Hazina, watu wakapanga foleni, kila mmoja akasaini mbele ya jina lake. Mtumishi alipofariki, kustaafu, kuhama wilaya au kuacha kazi, taarifa ilitakiwa iandikwe kwenye fomu, ipitie kwa afisa utumishi, ifike wizarani, kisha iende kwenye kompyuta Dar es Salaam. Ilichelewa kwa miezi, mara nyingine kwa miaka, na katikati ya ucheleweshaji huo kulikuwa na mtu aliyeijua orodha na aliyejua kusaini kwa mikono miwili. Mtumishi hewa, kwa hiyo, kila mara ana mzazi, na mzazi huyo yuko ofisini. Sensa za watumishi zilizofanywa miaka ile zilifuta majina kwa maelfu. Wazazi wao, kwa sehemu kubwa, walibaki kazini.

Njia ya pili ilikuwa kusimamisha ajira mpya. Njia ya tatu ndiyo inayokumbukwa, kwa sababu iligusa watu walio hai: takriban watumishi 50,000 walipunguzwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990.

Walikuwa nani? Wengi walitoka kada za chini: matarishi waliobeba mafaili kutoka masjala moja hadi nyingine, wahudumu wa ofisi, walinzi, wafagizi, watunza bustani, makarani wasaidizi, wapishi wa hospitali, wahudumu wa wodi. Katika kila orodha ni hao waliokuwa wengi kwa idadi na wepesi kutajwa. Hawakuwa na mtu wizarani wa kuwasemea, na vyeti vyao havikuwa na uzito. Walipewa barua, wakalipwa kiinua mgongo, nauli na gharama za kusafirisha mizigo hadi nyumbani kwao. Kwa aliyekuja Dar es Salaam akiwa kijana na kuishi huko robo karne, nyumbani kulikuwa mahali alipozaliwa na ambapo shamba lilikwishagawanywa kwa wadogo zake. Wengi hawakwenda. Walinunua genge, cherehani, mashine ya kusaga, au mabati ya kumalizia chumba Mbagala na Manzese. Baadhi walifanikiwa. Kwa wengine fedha iliisha kabla ya mwaka kwisha.

Hesabu ya fedha ndiyo inayonisumbua zaidi. Mshahara wa tarishi ulikuwa mdogo kiasi kwamba kuwaondoa matarishi kumi hakukuokoa kiasi cha kumlipa vizuri daktari mmoja. Ukipunguza kutokea chini, unapunguza vichwa vingi na shilingi chache. Ripoti ilipendeza, kwa sababu ripoti ilihesabu vichwa. Wafadhili waliotoa fedha za viinua mgongo nao walihesabu vichwa.

Madhara makubwa zaidi hata hivyo yalitokana na ajira zilizosimamishwa. Kupunguzwa kulitangazwa redioni na watu wakalia hadharani. Nafasi isiyojazwa hailii. Muuguzi wa zahanati akistaafu na asipatikane wa kumrithi, hakuna barua wala kiinua mgongo cha kuandikwa kwenye ripoti. Mlango mmoja unafungwa tu. Sekta ya afya, iliyokuwa na watumishi zaidi ya 67,000 katikati ya miaka ya 1990, ilibaki na chini ya 55,000 ilipofika mwaka 2002. Katika miaka hiyohiyo idadi ya wananchi iliongezeka kwa mamilioni na UKIMWI ulikuwa unajaza wodi, ukiwachukua na wauguzi wenyewe. Vyuo viliendelea kufundisha waganga wasaidizi na wauguzi, nao wakamaliza na kukaa nyumbani, wakauza katika maduka ya dawa au wakavuka mipaka kutafuta kazi. Nchi iliwasomesha kwa kodi yake, ikawakatalia kazi kwa sera yake, na katika zahanati za vijijini mhudumu aliyeajiriwa kufagia ndiye aliyejikuta akichoma sindano na kupokea watoto wakizaliwa.

Sidhani kuna aliyelikusudia hilo. Lakini lingeweza kuzuiwa kwa kuamua tangu mwanzo kwamba zahanati na darasa haviguswi mpaka ikama yake ijae. Ajira za afya na elimu ziliruhusiwa baadaye kama msamaha maalumu, tena kwa kuombewa kibali kimoja kimoja, wakati zilistahili kuwa ndizo kanuni.

Palikuwa na eneo moja ambapo mageuzi yalianza kwa kishindo tofauti. Tarehe 1 Julai 1996 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi ikichukua nafasi ya idara za kodi ya mapato, forodha na kodi ya mauzo. Watumishi wote wa idara zile waliambiwa waombe kazi upya. Zaidi ya theluthi moja hawakurudishwa. Waliochukuliwa walilipwa mishahara ambayo mtumishi wa wizara aliisikia kama hadithi, katika baadhi ya ngazi hadi mara kumi ya ile ya zamani. Makusanyo yaliongezeka haraka mwanzoni, kisha kasi ikapungua na malalamiko ya rushwa yakarudi. Watafiti walioifuatilia mamlaka hiyo walieleza jambo ambalo mpangaji wa mageuzi yeyote angepaswa kuliandika ukutani: baadhi ya walioondolewa waliajiriwa na makampuni binafsi kama washauri wa kodi, wakitumia ujuzi wao na marafiki waliowaacha ndani kuzipunguzia kampuni hizo malipo. Mtu anaondolewa kwenye orodha ya mishahara kwa siku moja. Mtandao wake hauondoki kwa barua.

Serikali ya Mkapa ilibana matumizi kwa ukali. Kuanzia mwaka 1996 wizara zilipewa kila mwezi kile tu kilichokusanywa, mishahara ikilipwa kwanza na mengine yakisubiri. Mfumuko wa bei, uliokuwa kwenye asilimia 30 hivi katikati ya muongo, ulishuka chini ya asilimia 10 kufikia 1999. Mwaka huohuo ilipitishwa sera ya mishahara ya muda wa kati, iliyolenga kuwalipa vizuri zaidi wataalamu na mameneja. Ofisi ya Rais, Utumishi, chini ya Katibu Mkuu Joseph Rugumyamheto, aliyeishika kazi hiyo kwa muda mrefu na kwa utulivu unaostahili heshima, iliunganisha posho nyingi ndani ya mshahara ili mapato ya mtumishi yaonekane wazi na yatozwe kodi. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Kwa bahati mbaya posho zilirejea kwa mlango wa semina, safari na vikao, na kufikia miaka ya 2000 afisa mwerevu alijua kwamba mwezi wake unategemea zaidi warsha za Bagamoyo na Morogoro kuliko daraja lake la mshahara. Posho haziko kwenye orodha ya mishahara, hivyo panga lililoelekezwa kwenye orodha hiyo halikuzifikia.

Wakala za serikali ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Usajili wa makampuni, takwimu, barabara na majengo vilipewa mameneja wenye mikataba ya utendaji. Zile zinazotoza ada zilistawi. Usafi na ulinzi wa ofisi za umma vilikabidhiwa makampuni binafsi, na mara nyingine mfagizi aliyepunguzwa alirudi kulifagia jengo lilelile akiwa na sare ya kampuni na mshahara mdogo zaidi.

Kisha deni la ajira zilizosimamishwa likaja kudai. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanza mwaka 2002, watoto walifurika madarasani. Mwaka 2006 zikaja shule za sekondari za kata, karibu kila kata na yake. Walimu hawakuwepo, kwa sababu kwa miaka mingi nchi haikuwaajiri wala kuwaandaa wa kutosha. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa kufundisha. Wananchi waliwaita Voda Fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Vijana wale walifanya kazi ngumu katika mazingira magumu, na wengi walijiendeleza na ni walimu hodari leo. Lakini mtoto aliyefika kidato cha pili bila kuwahi kuwa na mwalimu wa hisabati alilipa gharama ambayo haikuandikwa katika bajeti ya mwaka wowote. Upande wa afya, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yalipanda haraka kuliko watumishi walivyopatikana.

Rais John Magufuli alilichukua suala hili kwa namna yake mwenyewe. Tarehe 15 Machi 2016, akiwaapisha wakuu wa mikoa, aliwapa siku 15 kuwaondoa watumishi hewa katika mikoa yao. Mwezi Aprili alitengua uteuzi wa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, aliyekuwa ameripoti kwamba mkoa wake hauna hata mmoja, baada ya uhakiki kuwakuta 45. Mwezi Mei idadi ya majina yaliyofutwa nchi nzima ilipita 10,000, na kufikia mwaka uliofuata ilizidi 19,000. Wakati huohuo alitangaza kwamba mkuu wa shirika la umma hatalipwa zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, akieleza kuwa wapo waliokuwa wakipata hadi milioni 40. Asiyetaka, alisema, aondoke. Tangu 1966 haikuwahi kuonekana hatua ya wazi namna ile ya kukata kuanzia juu, na wananchi waliipokea kwa furaha ya kweli.

Kwa upande wa watumishi hewa, swali gumu ni hili: walirudije baada ya sensa zote za miaka ya 1990? Mwaka 2016 mshahara uliingia benki moja kwa moja. Mfumo wa kompyuta wa taarifa za kiutumishi na mishahara, ambao watumishi waliuita Lawson kwa jina la programu yake, ulikuwa umekwisha kuwapa waajiri wa wilayani uwezo wa kuingiza na kufuta taarifa wao wenyewe bila kutuma fomu Dar es Salaam. Mtumishi hewa wa zama hizi anahitaji akaunti, kadi ya benki na afisa asiyetimiza wajibu wa kumfuta. Teknolojia iliondoa kisingizio cha ucheleweshaji, basi aliyebaki kwenye orodha alibakizwa na mtu. Kesi zilizofika mahakamani na kumalizika kwa hukumu hazikulingana hata kidogo na idadi ya majina yaliyofutwa.

Uhakiki wa vyeti ulifuata. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Waziri wa Utumishi Angella Kairuki alimkabidhi Rais taarifa iliyowahusu watumishi zaidi ya 400,000. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Rais aliagiza waondoke wenyewe kabla ya katikati ya Mei, vinginevyo wafikishwe mahakamani. Uhakiki huo haukuwagusa viongozi wa kisiasa, wakiwemo mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa na wa wilaya, kwa maelezo kwamba nafasi zao hazikuhitaji vyeti hivyo. Mwananchi wa kawaida aliuliza kwa nini muuguzi akaguliwe na mkuu wa wilaya asikaguliwe. Swali lilikuwa la haki na halikujibiwa vizuri.

Kughushi cheti ni kosa, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa na mtu aliyesoma. Hilo nalikubali bila kusita. Lakini kuna vituo ambavyo muuguzi mmoja kati ya wawili aliondoka wiki moja, na wa kumrithi akachukua miezi kufika. Pamoja nao waliondolewa madereva, walinzi na watendaji wa vijiji walioajiriwa kwa elimu ya darasa la saba, kwa waraka uliotaka kila mwajiriwa awe na elimu ya kidato cha nne. Waraka huo ulianza kutumika tarehe 20 Mei 2004, ilhali wapo waliokuwa wameajiriwa kabla yake. Mwaka 2018 serikali ilikiri kwamba hao wa kabla hawakustahili kuondolewa, ikaagiza warudishwe kazini na walipwe malimbikizo yao. Na mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, walioondolewa kwa vyeti vya kughushi, ambao kufikia hapo walikuwa zaidi ya 14,000, waliruhusiwa kurejeshewa michango waliyokatwa wenyewe katika mifuko ya hifadhi ya jamii. Ile ya mwajiri haikuhusika.

Waliobaki kazini nao walilipa. Tangu 2016, kwa sababu ya uhakiki na ya kubana matumizi, watumishi wengi walikaa miaka bila kupandishwa madaraja na bila kima cha chini kuongezwa. Nyongeza ilitangazwa Mei 2022, ikakifikisha kima cha chini cha serikali shilingi 370,000 kwa mwezi. Sikukuu ya Wafanyakazi ya mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia alitangaza kwamba kuanzia Julai mwaka huo kingekuwa shilingi 500,000.

Fedha hizo lazima zitafutwe, na siku moja atatokea tena waziri wa fedha mwenye hazina isiyotosha na mshauri mwenye jedwali la idadi ya watumishi. Ombi langu kwake, na kwa wabunge watakaolipitisha jedwali hilo, ni kwamba waanze na posho, safari na mishahara ya wakubwa kabla ya kufika kwa mhudumu wa wodi. Wamfikishe mahakamani afisa aliyemlea mtumishi hewa badala ya kufuta jina na kumwacha yeye kwenye kiti. Na ikama ya kila zahanati na kila shule ibandikwe ukutani, nafasi zilizojaa na zilizo wazi, ili wanakijiji wajue mtumishi gani hawajaletewa na tangu lini, na wamuulize diwani wao.